Lami Machoni pa Mtakatifu

Courvigny, Jumapili, 9 Julai 1865

Leo mume wangu amegombana na jogoo. Jogoo wa jirani alipanda dirishani akawika wakati Anselme anachora wingu, mkono ukamteleza, na wingu likaota mkia. Basi mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mchoraji ambaye kazi zake ziliwahi kutundikwa kwenye maonyesho makuu ya Paris, akatoka nje na brashi mkononi kumkimbiza jogoo mpaka kisimani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Anselme Taboureau anaweza kuvumilia njaa, baridi na mapishi yangu, lakini kuchekwa hawezi.

Nimeanza kuandika humu kwa sababu joto limenifungia ndani na sina wa kupiga naye soga. Nimekaa kijiji hiki miaka zaidi ya ishirini na bado wananiita "yule Mparisi", kana kwamba nilishuka jana kwenye gari la farasi nikiwa na kofia ya manyoya. Kofia nilizishona tu, wakavaa wengine.

Jumanne, 11 Julai

Joto. Maziwa yameharibika kabla ya saa nne asubuhi.

Ijumaa, 14 Julai

Nimekwenda kuchukua mkate kwa Perrine Gaudry. Tangu baba yake afariki wakati wa baridi, binti huyu anaendesha tanuri la kijiji peke yake, na mkate umekuwa mzuri kuliko wa marehemu, ingawa hakuna anayethubutu kusema hivyo. Tumbo lake sasa halifichiki. Hana mume, na jina la mwanamume hajamtajia mtu.

"Bibi Sidonie," akaniambia, "usiniangalie tumbo, niangalie mkate. Mkate ndio unaoununua."

"Naangalia vyote viwili, mwanangu. Vyote vimeumuka vizuri."

Alicheka. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu wakajitia hamnazo.

Jumapili, 23 Julai

Niandike polepole, maana bado sijui kama nilichorudi nacho ni hofu au ni kicheko nilichokizuia kanisani.

Juu ya altare yetu kuna picha ya Mtakatifu Vinsenti, mlinzi wa wakulima wa zabibu, ameshika kichala mkononi. Anselme aliichora akiwa kijana, akaitoa zawadi kwa kanisa aliporudi kutoka Paris. Ni picha nyeusinyeusi. Mimi nimeizoea kama mtu anavyozoea ngazi yenye giza nyumbani kwake. Mwezi wa nne Padri Mourlon alimwomba aipe uhai kidogo kwa sababu moshi wa mishumaa ulikuwa umeifubaza, na Anselme akapanda ngazi, akazungushia macho ile rangi ya kahawia anayoipenda, kwa mkono usio na choyo.

Leo, katikati ya mahubiri, Euphrasie Coquillard akasimama. Euphrasie ni binti wa marehemu meya wetu wa zamani. Hajaolewa, anauza mishumaa mlangoni mwa kanisa, na dhambi za watu anazijua kuliko padri anayeziungamisha. Akanyoosha kidole.

"Analia! Mtakatifu analia!"

Kweli kabisa. Tone jeusi lilikuwa limetoka jicho la kushoto na linashuka shavuni taratibu, linasimama kidogo, linaendelea. Watu wakapiga magoti kwa kishindo kimoja. Mzee Fouchard, ambaye huja kanisani kulala, aliamka na kuanza kuungama kwa sauti habari za ng'ombe wa jirani yake. Nikamtazama mume wangu. Uso ulikuwa umemwisha damu.

Nyumbani alikaa jikoni bila kuvua koti.

"Ni lami, Sidonie."

"Lami gani?"

"Ile kahawia. Ni lami iliyosagwa na mafuta. Ukiipaka inang'aa kama asali, inakupa kivuli ambacho rangi nyingine haiwezi. Paris sote tuliitumia. Lakini haikauki. Juu inajifanya imekauka, chini inabaki mbichi miaka na miaka. Ikipata joto inatembea."

"Basi rudi ukawaambie."

"Niwaambie nini? Kwamba mchoraji wao hajui kupaka rangi ikakauka? Paris nilichekwa na watu nisiowajua, nikavumilia kwa kuondoka. Hapa nichekwe mpaka na anayeniuzia jibini, niende wapi?"

"Watacheka wiki moja."

"Huwajui. Hawa bado wanamcheka babu yangu kwa kutumbukia kwenye pipa la mvinyo, na alitumbukia kabla ya Mapinduzi."

Nimerudi kwenye sufuria zangu. Kwani mtakatifu akilia, anamdhuru nani?

Jumatatu, 24 Julai

Mishumaa yote ya Euphrasie imekwisha. Ameagiza mingine Dijon.

Jumapili, 30 Julai

Sasa yanalia macho yote mawili. Wanakuja watu kutoka vijiji vya ng'ambo ya mto, na nje ya kanisa leo palikuwa na baraza zima la wataalamu wa machozi.

"Analilia mvua ya mawe," alisema Mzee Fouchard. "Inakuja. Goti langu linajua."

"Goti lako lilituahidi mvua ya mawe mwaka jana, mzee. Tukapata jua."

"Analilia kodi ya mvinyo," akasema fundi viatu.

"Mtakatifu ana habari gani na kodi?"

"Ana kichala mkononi, hana? Basi na yeye kaletewa hati ya kodi."

Nimerudi nyumbani nikamwigizia Anselme yote, goti na kodi, na kidogo tu atabasamu. Ona, nikamwambia, umewapa tamasha la bure.

Alhamisi, 3 Agosti

Goti la Mzee Fouchard limeshindwa na mdomo wa Euphrasie. Sasa inasemwa kwamba mtakatifu analilia aibu ya kijiji, na kwamba aibu ya kijiji inaoka mikate. Nimeyasikia kwa fundi viatu, nikayasikia tena kwa muuza maziwa. Sikumwigizia Anselme.

Jumatatu, 7 Agosti

Mikate ya jana imebaki rafuni kwa Perrine. Watu wanatembea juani mpaka Saint-Aubry kununua mkate mbaya.

Asubuhi nilikuwa bwawani, tunakofulia. Euphrasie alikuwa anapiga shuka kama anayemwadhibu mtu.

"Mparisi! Na wewe bado unakula mkate wa yule?"

"Nakula kila siku. Tumbo langu halijakua."

Wawili watatu wakacheka, wakainamia nguo zao.

"Chekeni. Tangu mtakatifu aanze kulia, binti huyo hajaja kupiga goti mbele yake hata mara moja."

"Yuko tanurini tangu alfajiri. Atapigaje goti na unga mpaka kwenye viwiko?"

"Mwenye dhambi angepata nafasi."

"Na mwanamume je? Au mtoto kajileta mwenyewe?"

"Mwanamume atajulikana," akasema, akakamua shuka mpaka tone la mwisho. "Atamtaja yeye mwenyewe mbele ya picha, Sikukuu ya Bikira Maria, kijiji kizima kikisikia. Padri keshakubali."

Soksi ya Anselme ilichukuliwa na maji mkononi mwangu, nami sina habari.

Jumanne, 8 Agosti

Padri Mourlon amekula kwetu. Si mtu mbaya. Anapenda supu yake iwe ya moto na waumini wake wawe wapole, na mwaka huu amepata kinyume. Alimaliza sahani mbili ndipo akasema. Siku ya sikukuu, saa sita mchana, picha itateremshwa na kuzungushwa mashambani kote. Perrine atatangulia mbele yake, peku, na mshumaa mkononi, na mwisho wa safari atamtaja baba wa mtoto.

"Wewe Padri, unaamini ni machozi?" nikamwuliza.

"Mimi naamini kwamba watu mia tatu wakitaka maandamano, padri anatangulia mbele au anakanyagwa."

Anselme alingoja padri atoke.

"Saa sita? Kwenye jua la Agosti?" Alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. "Sura yote itashuka, Sidonie. Itabaki miguu na kichala."

"Msichana anatembezwa peku kama mwizi, na wewe unalilia sura ya kwenye kitambaa?"

"Ndiyo pekee niliyobakiza! Nyingine zimeuzwa, zimepotea, zimefungiwa kwenye vyumba vya kulia vya watu. Hii tu ndiyo watu wanainua vichwa kuitazama."

Nilimwelewa, na kumwelewa huko kukaniongezea hasira.

"Basi sema ukweli, uokoe vyote viwili."

"Wataniita Fundi Lami mpaka siku ya kunizika."

"Na yeye watamwitaje? Umeshalisikia jina wanalomwita?"

Alitoka nje. Alikuwa amelisikia.

Alhamisi, 10 Agosti

Hatusemezani. Nimempikia dengu. Hapendi dengu.

Jumamosi, 12 Agosti

Joto. Dengu tena.

Jumapili, 13 Agosti

Perrine amepita kwa mlango wa bustani, ameshika sufuria langu nililomwazima wakati wa msiba.

"Nimekurudishia, Bibi Sidonie. Kesho jioni naondoka."

"Unakwenda wapi na hali hiyo?"

"Kwa shangazi yake mama, kama bado yu hai."

"Na tanuri?"

"Tanuri litazimwa." Akanisukumia sufuria mikononi. "Siku ya kumzika baba sikulia, kwa sababu unga ulikuwa umeshaumuka na watu walitaka mkate wao. Watu hawahawa. Mtu wangu nitamtaja siku nikitaka mimi. Sitamtaja kwa sababu picha imetoa makamasi."

Anselme alikuwa nyuma ya mlango. Akaingia, akamtazama yule binti, tumbo, sufuria. Akapanda darini. Tulisikia vitu vinavutwa, kitu kinaanguka, na tusi la Kiparisi ambalo sijalisikia tangu tuoane.

Aliposhuka alikuwa amevaa utando wa buibui kichwani na amekumbatia picha kubwa yenye vumbi. Nikaifuta kwa aproni. Barnabé Coquillard, yule marehemu meya, baba yake Euphrasie, akanitolea macho. Huyo ndiye aliyekuwa mkono wa birika kuliko wote katika wilaya hii. Aliagiza picha yake, akaitazama ilipokamilika, akaikataa. Alisema amepewa macho ya mtu anayehesabu.

"Vivuli vyote hapa machoni ni lami tupu," akasema Anselme. "Ileile. Usiondoke, binti. Subiri mpaka Jumanne."

"Jumanne kuna nini, Bwana Taboureau?"

"Kuna mtu ambaye hajawahi kulia. Nataka kijiji kimwone analia."

Nilijua alichokuwa anakitoa. Tangu nimfahamu amekuwa akikimbia kicheko, na sasa anakwenda kukigongea mlango. Jioni nimemkaangia mayai kwa siagi nyingi. Dengu nimewapa kuku.

Jumanne, 15 Agosti

Niliamka, nikatazama juu, nikataka kutukana. Mawingu! Wiki zote hizi jua limetuchoma mpaka ubongo, na leo tunapolihitaji limejifunika.

Tulimweka meya kwenye kiti mbele ya mlango wa kanisa. Watu walikuwa wamevaa vizuri, wanaume sita wako tayari na mabega ya kubebea mtakatifu. Perrine alikuja. Viatu vyake vya mbao alikuwa navyo miguuni, mshumaa hakushika, na kidevu alikiinua. Nikaenda nikasimama kando yake.

Anselme alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona anaongea mbele ya watu, na sasa najua kwa nini.

"Jamani," akasema, akaizungusha kofia mkononi. "Mtakatifu halii. Kosa ni langu. Rangi niliyompaka machoni ni lami, na lami haikauki. Joto likizidi inayeyuka na kushuka. Hakuna aibu ya mtu hapa ila yangu mimi."

Halafu Mzee Fouchard:

"Rangi ya tangu sijang'oka meno bado mbichi?"

Kicheko cha kwanza kikapita. Nikaona mabega ya mume wangu yamepanda mpaka masikioni.

"Anamtetea!" Euphrasie alipaza sauti. "Mwulizeni kwa nini anamtetea! Huenda baba wa mtoto anamjua vizuri sana!"

Watu wakavuta pumzi. Perrine alinishika mkono, na ni vyema alinishika, maana nilikuwa nimeshaanza kwenda.

"Hii picha nayo niliichora kwa rangi hiyohiyo," Anselme akaendelea. "Wote mnamjua huyu. Jua likimpiga, na yeye atalia."

Wote wakamgeukia meya. Meya akawatazama kwa macho makavu. Tukasubiri. Mawingu yakasimama pale pale juu ya mnara wa kanisa. Mtu akapiga miayo, mwingine akauliza kama meya anahitaji kitunguu. Aliyekuwa anatokwa na matone ni mume wangu peke yake.

"Basi, tumteremshe mtakatifu," akasema mmoja wa wabebaji.

"Mleteni kwangu kwanza." Alikuwa Perrine. Hakupaza sauti, lakini ni mtu aliyezoea kuamrisha moto. "Jua limelala, tanuri langu liko macho. Nimeoka asubuhi, ingawa sijui nilimwokea nani. Mleteni meya."

Hakuna aliyetaka kukosa hilo. Maandamano yakawepo, lakini yakaelekea kwenye mikate, meya mbele, padri nyuma, na wale wabebaji sita hawajui mabega yao wayapeleke wapi. Tanurini Perrine alimsimamisha meya juu ya ule ubao mrefu wa kutolea mikate, akapima joto kwa kiganja, akamsogeza, akapima tena, akamrudisha nyuma kidogo.

"Asije akaungua," akasema. "Tunataka alainike tu."

Kwanza masharubu yakaanza kung'aa. Halafu jicho la kulia likajaa. Tone likavimba chini ya jicho, likasita, kama mtu anayefikiria gharama, kisha likashuka.

"Uongo!" Euphrasie alijipenyeza mpaka mbele. "Uongo mtupu! Baba yangu hakulia kamwe! Mama alipokufa hakulia! Hata niliposhikwa na homa wakaleta padri, hakuli..."

Akajisikia mwenyewe.

"Kasema kweli," akasema Mzee Fouchard kwa upole. "Jeneza la mama yake nililibeba mimi. Barnabé alikuwa anahesabu mishumaa."

"Basi ni rangi!" fundi viatu akapiga kelele. "Coquillard kulia? Hata malaika wakimpigia magoti! Ni rangi, jamani!"

Kicheko kikalipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Padri Mourlon alishika mlango asianguke, na kofia ikamwanguka yeye. Mtu akaita kutoka nyuma, "Fundi Lami! Njoo umlize na mama mkwe wangu!" Jina lenyewe likatoka, lilelile aliloliogopa, na likashangiliwa.

Nikamtazama Anselme. Alisimama katikati ya kicheko chote kile kama mtu aliyesukumwa mtoni. Jicho la pili la meya likadondosha. Pua ya mume wangu ikaanza kumcheza, mdomo ukampinda, na akacheka. Alicheka mpaka akakumbatia gunia la unga, na alipogeuka alikuwa mweupe mbele na machozi yanamchora mistari usoni. Nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

"Haya," Perrine akasema walipotulia, "tanuri nimelifungua. Nani anataka mkate?"

Walitazama viatu vyao. Mzee Fouchard akatangulia, akatoa sarafu, akavua kofia kabla ya kupokea. Wengine wakajipanga nyuma yake.

Padri aliongoza maandamano jioni, na bendera tu. Nilipokuwa naondoka tanurini nilimwona Euphrasie amebaki peke yake na picha, amekunja ncha ya kitambaa chake, anamfuta baba yake shavu. Nilipita bila kumsemesha.

Jumatano, 16 Agosti

Mvua. Tumelala mpaka saa tatu asubuhi na madirisha wazi, tukalowa miguu, na hakuna aliyeinuka kuyafunga. Sikujua kwamba nilikuwa nimebana pumzi tangu Julai.

Jumapili, 20 Agosti

Wanamwita Fundi Lami na yeye anaitika. Leo muuza jibini alimwuliza kama ana rangi ya kumkausha mkewe mdomo, naye akajibu kwamba sayansi haijafika huko. Nimebaki nimeduwaa. Mtu huyu nimelala naye kitanda kimoja miaka yote na sikujua kwamba ana mzaha.

Jumamosi, 2 Septemba

Euphrasie amekuja. Alikaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kwa daktari, akasema anataka kumchukua baba yake. Anselme akamwambia amchukue bure, ila asubiri amsafishe kwanza yale madoa.

"Safisha yote," akasema. "Tone moja liache. La kushoto."

Anselme akaitika kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno makali tangu siku ile ya bwawani, nimeyanoa kabisa, na sasa nikayakosa. Nikammiminia kahawa, Anselme akawa anasafisha.

"Leo nimepita kwa Perrine," akaniambia akiwa mlangoni.

"Umemwomba radhi?"

"Nimenunua mkate."

Nikamtazama tu.

"Mikate miwili," akasema, akaondoka na babaye kwapani.

Jumatatu, 18 Septemba

Mavuno. Mgongo sina, vidole vimekuwa vya zambarau, na zabibu ni tamu kupita miaka yote ninayoikumbuka. Perrine anatuletea mkate shambani kwa mkokoteni wa punda. Kuna kijana fundi mapipa kutoka Beaune ambaye njaa yake haiishi. Kila mkokoteni ukifika yeye ndiye wa kwanza, na jana aliusukuma mwenyewe mpaka kijijini. Sijauliza kitu. Hakuna aliyeuliza.

Jumamosi, 7 Oktoba

Leo mtakatifu ameteremshwa. Halmashauri ya kanisa imemwomba Anselme amtoe lami yote machoni na kuyachora upya kwa rangi ya watu wazima, kama alivyosema fundi viatu. Picha imeegemezwa ukutani karibu na dirisha kubwa, na yeye amekaa juu ya ngazi fupi, vitambaa magotini, harufu ya tapentaini kanisa zima. Mimi nilishika ngazi. Perrine alikuwa ameleta chakula na kukaa kwenye benchi kupumzisha miguu, maana sasa tumbo limemtangulia mbali. Euphrasie alikuwa anabadilisha mishumaa na kujifanya hatazami.

"Sikumbuki chini kuna nini," Anselme akaniambia. Alikuwa hajagusa bado.

"Si uliichora mwenyewe?"

"Nikaifunika mwenyewe. Hukuwepo bado. Ilipotundikwa Paris ilikuwa na mwanga, Sidonie. Walikusanyika mbele yake wakacheka. Walisema inang'aa kama ubao wa tangazo la duka la nyama. Nikaiteremsha nikaipaka lami yote, ifanane na picha za kale, ifanane na za wenzangu. Tangu hapo kila kitu nimekichora gizani. Je, kama walicheka kwa haki? Nikiifuta nikakuta ubao wa duka la nyama?"

"Basi utakuwa umejua."

Alilowesha kitambaa. Kahawia ikaanza kutoka, kitambaa cha kwanza kikajaa, cha pili, cha tatu. Alifuta kwa mzunguko mdogomdogo, kama anavyomfuta mtu mtoto aliyelala. Kope likatokea. Kisha jicho.

Sijui niseme nini kuhusu jicho lile. Miaka yote nimesali chini yake na sikuwahi kuliona. Lilikuwa la kijivu, safi, na halikutazama mbinguni hata kidogo. Lilitazama kichala mkononi, jicho la mkulima aliyetoka asubuhi na roho mkononi akakuta baridi kali imepita na mizabibu yake haikuguswa. Perrine aliinuka kwenye benchi akaja kusimama kando yangu.

Anselme alifuta la pili. Halafu akaweka kitambaa chini na kutazama muda mrefu.

"Nilikuwa najua," akasema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kuchora." Sauti ilikuwa ya chini kabisa. "Sikuwa mjinga, Sidonie. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa najua."

Akainama pale pale ngazini, mikono imeanguka magotini, na machozi yakamtoka. Nilishikilia ngazi kwa mikono miwili. Euphrasie aliacha mishumaa yake. Alikuja mpaka chini yake, akamtazama kwa ukali aliouzoea, akainua mkono, akampitisha kidole shavuni. Kisha akakisogeza kidole dirishani, kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku.

"Si lami," akasema.